Kikapu kisimame peke yake

Ukitaja uwanja huku kusini, mtu anaelewa mpira wa miguu. Mtwara kuna Nangwanda Sijaona, Lindi kuna Ilulu, Ruangwa kuna Majaliwa. Viwanja hivi vimefanya kazi yake. Ndanda ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2019/20, na Namungo ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Lakini binti wa kidato cha pili pale kata ya Chikongola, Mtwara, anayecheza mpira wa pete hana shida na jukwaa la watazamaji. Shida yake ni sakafu tambarare, pete iliyo kwenye urefu wake, choo chenye maji, na saa moja na nusu ambayo hakuna atakayemfukuza uwanjani.

Hayo manne ndiyo kituo cha michezo cha manispaa. Geti la chuma na ukuta wenye nembo vinaweza kusubiri mwaka wa fedha ujao, hata ule wa baadaye.

Makala haya ni ya diwani, mwalimu wa michezo au kiongozi wa klabu ambaye ameambiwa "leteni andiko" na sasa anatafuta vipimo. Viwanja vyenye mchoro mbaya vinaendelea kujengwa, na kosa lenyewe karibu kila mara ni lilelile: michezo minne inabanwa kwenye sakafu moja bila mtu kupima kitu gani kinaning'inia juu ya kichwa cha nani.

Saa mbili za jioni

Kabla ya kuchora chochote, hesabu mwanga. Wanafunzi wakishatoka na ofisi zikishafungwa, ni saa 10 jioni. Mtwara jua linazama mapema: mwezi Juni ni saa 12 na dakika chache, Desemba ni saa 12 na nusu na ushei. Kwa hiyo uwanja usio na taa una saa 2 za maana kwa siku, saa 10 kwa siku tano za wiki, na saa hizo zinagombewa na timu za shule, vilabu vya mtaani, wafanyakazi wanaojiandaa na SHIMISEMITA (michezo ya watumishi wa serikali za mitaa), na watoto ambao hawana timu yoyote. Mwenye nguvu ndiye anayezipata. Mabinti na watu wenye ulemavu wanabaki kuangalia.

Washa taa hadi saa 3 usiku na kila siku inakuwa na saa 5, wiki inakuwa na saa 25. Uwanja umekuwa mara mbili na nusu ya ulivyokuwa bila kumwaga ndoo moja ya zege. Mwezi wa Ramadhani, ambao Mtwara na Lindi mjini wengi wanafunga na mazoezi yanahamia baada ya tarawehe, uwanja usio na taa unakuwa umefungwa mwezi mzima.

Kwa sakafu ya mita 44 kwa 22, ile kubwa inayoelezwa hapa chini, nguzo 4 za urefu wa mita 8 hadi 10, kila moja na taa mbili za LED za wati 200, zinatoa mwanga wa kutosha mazoezi, karibu lukisi 75. Usitegemee mechi ya kurekodiwa kwa mwanga huo, ila mpira utauona. Jumla ni wati 1,600, yaani kwa saa 3 ni uniti 4.8. Fungeni mita ya LUKU ya taa peke yake, tofauti na ya ofisi na pampu. Ikiwa mita ni moja, uniti zitaliwa na friji ya kantini na lawama zitawaangukia wachezaji wa usiku. Ikiwa ni yake, kila kundi lenye zamu ya usiku linajua deni lake, na hata vijana wasio na kitu wanaweza kuchangishana uniti 5. Waya upite ardhini ndani ya bomba, kina cha sentimita 60. Waya unaoning'inia kati ya nguzo na nguzo haudumu huku: upepo wa chumvi unakula viungio, na ukikosa upepo wapo wanaoupima kwa kilo.

Kipi kikae na kipi

Hapa ndipo pa kutuliza kichwa, kwa sababu zege likishakauka hakuna marekebisho.

Vipimo vya michezo yenyewe ni hivi. Mpira wa pete ni mita 30.5 kwa 15.25, na goli liko katikati ya mstari wa mwisho, pete ikiwa juu mita 3.05. Mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15, pete yake nayo iko juu mita 3.05. Mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9. Mpira wa mikono ni mita 40 kwa 20, na magoli yake ni mita 3 kwa 2. Futisali inacheza kwenye kiwanja hichohicho cha mita 40 kwa 20 na magoli hayohayo.

Ukisoma namba hizi haraka, unasema: kumbe vyote vinaingia ndani ya mita 40 kwa 20! Mchoraji anapanga mistari ya rangi nne, mchoro unapendeza, unapita kwenye kikao. Tatizo haliko chini, liko juu. Ubao wa kikapu hauko kwenye mstari wa mwisho, unaingia uwanjani mita 1.2. Ukipima kutoka katikati ya uwanja, uso wa ubao uko mita 12.8. Goli la mpira wa pete liko mita 15.25 kutoka katikati. Maana yake ubao wa kikapu unaning'inia karibu mita 2 na nusu mbele ya goli la pete, ndani kabisa ya nusu duara la kufungia, ambalo nusu kipenyo chake ni mita 4.9. Mfungaji anarusha, mpira unapiga ubao. Mpira wa pete kwenye kiwanja cha namna hiyo hauchezeki, na ndiyo sababu viwanja vingi vinavyoitwa vya michezo minne vinaishia kuwa vya kikapu tu.

Mpira wa mikono nao unaumia. Nguzo ya kikapu inatakiwa isimame angalau mita 2 nyuma ya mstari, kwa hiyo iko mita 16 kutoka katikati. Goli la mikono liko mita 20. Nguzo ya chuma inasimama mita 4 mbele ya kipa, katikati ya goli lake. Mchezaji anayeruka kutoka mstari wa mita 6 anaipiga kwa kifua.

Vikapu vya magurudumu vinavyosukumwa pembeni vipo, lakini ni ghali, vinahitaji stoo yenye mlango mpana na uzito wa kuvishikilia visipinduke, na kwa hewa ya bahari magurudumu yake hayamalizi miaka mingi. Kwa manispaa zetu dawa ni rahisi: kikapu kipewe sakafu yake.

Basi sakafu mbili. Sakafu kubwa ni mita 44 kwa 22: inabeba mpira wa mikono na futisali, ikiacha mita 2 nyuma ya magoli na mita 1 pembeni. Ndani yake mpira wa pete unakaa pamoja na nafasi yake ya usalama ya mita 3.05 kila upande, maana jumla yake ni mita 36.6 kwa 21.35. Katikati unaweka mpira wa wavu. Nguzo zote za sakafu hii ni za kuchomoa, hata magoli yanafungwa kwa bolti. Sakafu ndogo ni mita 32 kwa 19: kikapu chenye nguzo za kudumu, na wavu wa kuchomoa katikati. Fedha ikitosha sakafu moja tu, jengeni ile kubwa. Inabeba michezo minne ya kweli, wakati ndogo inabeba miwili. Wapenzi wa kikapu watalalamika, na wana haki, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Mpira wa mikono si pambo hapa. Umo kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, na Mtwara imewahi kupokea mashindano hayo ngazi ya taifa, mwaka 2019 na tena 2021. Mtoto anayeona goli la mita 3 kwa 2 kwa mara ya kwanza akiwa kambini ameshachelewa.

Kuna mchezo mwingine unaoingia bila gharama yoyote zaidi ya wavu mfupi: mpira wa wavu wa kukaa. Kiwanja ni mita 10 kwa 6, wavu uko juu mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Wenye ulemavu wa miguu wanacheza, na wasio na ulemavu wanaruhusiwa kukaa chini na kucheza nao kwenye mazoezi. Wanapigwa vibaya, kwa kweli.

Urefu wa sakafu uelekee kaskazini na kusini, ili jua la saa 11 lisimpige mtu usoni anapotazama goli. Mpangilio huo unasaidia na upepo pia. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi linavuma, na likija kwa urefu wa uwanja timu zinabadilishana magoli na mambo yanakuwa sawa, lakini likija ubavuni linaharibu kila mtupo wa kila timu. Upande wa kusini mashariki pandeni mivinje, mita 10 au zaidi kutoka ukingo wa sakafu. Mvinje unavumilia chumvi. Mkorosho ulioko tayari kwenye kiwanja achaneni nao uwe kivuli cha watazamaji, ila usiwe juu ya sakafu: mabibo yakianza kudondoka, doa lake halitoki na mtelezo wake ni wa hatari.

Jamvi

Jamvi ni zege lenyewe la sakafu. Sakafu ya mita 44 kwa 22 ni mita za mraba 968. Kwa unene wa sentimita 12, zege ni mita za ujazo 116. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, hiyo ni kama mifuko 730 ya simenti, mchanga mita za ujazo 51 na kokoto 102. Ongeza asilimia 5 ya kupotea, nunua mifuko 770. Kwa simenti tuna bahati, kiwanda cha Dangote kiko Mtwara hapahapa, usafiri si hoja. Hoja ni mchanga. Mchanga wa ufukweni uko karibu, ni mweupe, na dereva wa tipa atakuapia kuwa ni wa mtoni. Una chumvi. Chumvi inaozesha nondo na soketi za nguzo, na inatoa ungaunga mweupe juu ya zege ambao haushiki rangi. Hauhitaji maabara kuupima: chovya ulimi. Kama unakoleza, tipa ligeuze.

Chini ya zege, ondoa udongo wa juu wenye mizizi, tandika kifusi kwa matabaka ya sentimita 15, mwagia maji kidogo na shindilia kila tabaka kwa mashine. Ardhi ya Mtwara ni ya kichanga, inapitisha maji na hailalamiki sana. Lindi mjini maji yanashuka kutoka vilimani, kwa hiyo chimba mtaro upande wa juu kabla ya kuanza kumwaga. Waliokuwepo Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita hawahitaji kukumbushwa maji ya mkoa huu yanavyofanya.

Mteremko ni mmoja kwa mia, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, si kutoka katikati kwenda pande zote. Kwa upana wa mita 22 hiyo ni tofauti ya sentimita 22. Mchezaji haihisi, maji yanaihisi. Ukifanya mgongo katikati, mpira wa wavu utachezwa juu ya kichuguu.

Zege limwagwe kwa vipande. Gawanya mita 44 kwa 11 na mita 22 kwa 5: unapata vipande 55 vya mita 4 kwa 4.4. Mwaga kimoja, ruka kimoja, kama kete za drafti, kisha rudi kujaza vilivyobaki. Zege linasinyaa likikauka, na lisipopewa mahali pa kupasukia litajichagulia lenyewe, kwa kawaida katikati ya duara la futisali. Mwageni kuanzia alfajiri mkimaliza kabla ya saa 5. Jua la mchana la Novemba linanyonya maji ya juu kabla zege halijashika, ndipo unaona nyufa ndogondogo kama za tope la kiangazi. Kisha siku 7 za kumwagilia, bila kukosa. Magunia ya korosho yaliyochakaa ndiyo blanketi bora: yatandikwe, yaloweshwe asubuhi, mchana na jioni.

Juu yake usikubali niru, ule uji wa simenti unaolainishwa. Fundi anapenda kupiga niru kwa sababu inang'aa na mkaguzi anafurahi. Niru ikipata vumbi inateleza, ikipata umande ni barafu. Vutia ufagio juu ya zege bichi, kwa upana wa uwanja, ufagio wenye nyuzi laini. Ukitumia wa nyuzi ngumu unatengeneza msasa, na watoto wengi watacheza pekupeku. Ujaribuni kwenye kipande cha kwanza: kesho yake pitisha kiganja. Kikiwasha, badilisha ufagio.

Rangi subirini siku 28. Tumieni rangi ya barabara, si rangi ya mafuta ya madirisha, ambayo inateleza na kubabuka msimu mmoja. Mistari ni upana wa sentimita 5. Mpira wa pete upewe nyeupe kwa sababu ndio wenye mistari mingi ya kugombaniwa na refa, mikono na futisali njano, wavu buluu.

Soketi

Kitu kidogo kinachoua viwanja hivi ni tundu la kuchomekea nguzo. Ni bomba la chuma lililozikwa kwenye tofali la zege la sentimita 60 kwa 60, kina cha bomba sentimita 50, kipenyo chake cha ndani kikizidi cha nguzo kwa milimita 4 hadi 6. Zikibana sana nguzo haitoki baada ya mvua ya kwanza, zikilegea sana goli linayumba kila likiguswa. Sehemu ya chini ya bomba iachwe wazi juu ya kokoto ili maji yazame. Mafundi wengi wanaiziba kwa zege, wanadhani wanaimarisha. Maji yanatuama humo, chuma kinavimba kwa kutu, na siku nguzo ikikwama mtu anaileta nyundo ya kilo 5, ndiyo mwisho wa soketi na kipande kizima cha jamvi.

Mfuniko ulale sawa na sakafu. Ukiinuka hata sentimita moja, utahesabu kucha za vidole. Na usiwe wa chuma. Mfuniko wa chuma utauzwa chuma chakavu kabla ya uzinduzi. Kata kipande cha mbao ngumu, kipake oili chafu, kifunge kwa mnyororo mfupi ndani. Nguzo zipakwe grisi kila zinapochomekwa.

Soketi za mpira wa wavu zikae mita 11 kutoka moja hadi nyingine, yaani mita 1 nje ya kila mstari. Zikiwa karibu zaidi, wavu wa mita 9.5 hautakazika vizuri na utabinuka katikati. Urefu ni mita 2.43 wanaume, 2.24 wanawake, na alama mbili zichorwe kwenye nguzo kwa msumeno, si kwa kalamu.

Nyavu za magoli si lazima ziagizwe mbali. Mikindani na Lindi kuna mafundi wa nyavu wanaofunga mafundo kwa macho yaliyofumba. Wapeni vipimo vya goli, waambieni matundu yasizidi sentimita 10, watawafanyia kwa uzi wa nailoni unaodumu kuliko wa dukani. Ila kamba iliyotoka baharini ifuliwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo ndoano zinaota kutu.

Jambo moja halina mjadala: goli lolote lifungwe chini. Goli la chuma la mita 3 kwa 2 lisilofungwa litaning'iniwa na mtoto, litapinduka, na litamwangukia. Magoli ya aina hii yameua watoto katika nchi nyingi. Bolti nne kila goli, na mlinzi akague kabla ya zamu ya kwanza.

Choo kwanza, kantini baadaye

Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, kwa sababu wanaume wana sehemu ya mkojo. Matundu 3 kwa wanawake, 2 kwa wanaume na ukuta wa mkojo, kimoja chenye mlango wa sentimita 90 na njia ya mteremko wa 1 kwa 12 kwa kiti cha magurudumu. Komeo liwe ndani, ndoo ya taka yenye mfuniko iwe ndani ya choo cha wanawake, tangi la lita 5,000 likae juu ya mnara ili maji yashuke yenyewe siku maji ya bomba yakikatika. Mlango utazamane na uwanja penye mwanga, si nyuma ya jengo. Choo cha nyuma ya jengo usiku hakitumiki na mwanamke yeyote, na zamu yake ya usiku inakufa hapohapo.

Kantini ipewe kikundi cha akina mama au vijana kilichosajiliwa. Kikundi hicho kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Madafu, vitumbua, karanga, maji. Sharti moja katika mkataba: kikundi kinasafisha vyoo. Anayeuza chakula ndiye anayejua hasara ya choo kichafu.

Nani anashika funguo

Kituo kinafungwa siku mlinzi amekwenda msibani na funguo anazo mfukoni. Funguo ziwe seti tatu: mlinzi, afisa michezo, na mtendaji wa kata. Ratiba iandikwe kwa rangi ukutani, herufi za kusomeka kutoka getini, siyo karatasi ya A4 ofisini. Kinachoandikwa ukutani hakibadilishwi kwa simu ya bwana mkubwa. Zamu za mpira wa pete na za watu wenye ulemavu ziwekwe kwanza, katikati ya jioni, ndipo nyingine zijaze pembeni. Futisali haihitaji kulindwa, itajaza kila tundu lililobaki. Asubuhi saa 12 hadi saa 2 waachieni watembeaji na vikundi vya jogingi, bila malipo. Kama sakafu zote mbili ziko ndani ya uzio mmoja, njia ya kuzunguka ya upana wa mita 2 haigharimu sana, na wazee wenye sukari na presha wataitumia kuliko mtu mwingine yeyote. Chini ya mivinje wekeni meza mbili za bao na mabenchi ya zege. Msicheke. Wazee wa bao ndio walinzi wa mchana ambao hamlipi mshahara.

Kuhusu ada: watoto bure, timu za mazoezi bure au kiasi kidogo, ndondo na mabonanza yanalipa. Malipo yapite kwenye namba ya malipo ya halmashauri, asishike mtu fedha mkononi. Ubaya wake ni kwamba fedha ikishaingia kwenye mfuko mkuu hairudi kununua hata taa moja, isipokuwa kama bajeti ina kifungu cha matengenezo ya kituo kilichoandikwa kwa jina. Kifungu hicho kipiganiwe wakati wa kupanga bajeti, kuanzia Novemba, kwa sababu Julai mwaka wa fedha ukianza ni hadithi tu. Njia nyingine iliyo safi: anayeandaa ndondo alipe nusu kwa vifaa. Mipira miwili, wavu mmoja, galoni ya rangi. Vinaonekana kwa macho na vinaandikwa kwenye daftari.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, fedha ikiwa mtaani, mtaombwa sakafu kwa harusi, tamasha, mkutano, ngoma za kumtoa mwali. Kubalini, kwa sababu kituo kisichokubali shughuli za watu kinaitwa cha serikali na kinaanza kupigwa mawe. Lakini masharti yawe mawili. Hema lishikiliwe na madumu ya mchanga, asitoboe mtu jamvi kwa vigingi vya chuma. Na gari lisipande. Jamvi la sentimita 12 halikupangwa kubeba Fuso lenye maspika na jenereta. Litapanda siku moja na nyufa zitakaa miaka. Simikeni nguzo za zege getini, nafasi kati yake isizidi mita 1.2: kiti cha magurudumu kinapita, mkokoteni unapita, Fuso linabaki nje.

Kazi ya kila siku ya mlinzi ni kufagia mchanga kabla watu hawajaanza kucheza. Mchanga chini ya viatu unasugua rangi kama msasa, na kwa mji wa pwani unarudi kila usiku. Uwanja unaofagiwa unapakwa rangi upya kila baada ya miaka mitatu hivi, usiofagiwa kila mwaka. Rangi yenyewe ipigwe Agosti: mvua zimeisha, zege limekauka, na ikikauka nayo inapata miezi mitatu ya kushika kabla ya maji ya Desemba. Anzeni na mistari ya mpira wa pete.